Bili ya programu imetutia fitina nyumbani: nitie saini ama niache?

Bi Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu rafiki zangu hawalielewi jambo hili, na wanaolielewa hawaijui familia yetu. Nina umri wa miaka 29. Tuna duka la leso Biashara Street hapa Mombasa, alilolianzisha nyanya na mama akaliendeleza. Tunauza leso, mitandio, madera, na udi kidogo. Baba ni marehemu. Kaka yangu mkubwa ndiye anayeshika hesabu na kuzungumza na benki. Mimi nilipomaliza chuo nilikabidhiwa upande wa mtandao: tovuti, oda za nje, na kuwakumbusha wateja mzigo mpya ukiingia.

Ni mimi niliyewashawishi tujiunge na programu ya kampuni moja ya ng'ambo. Kazi yake ni kukusanya pahali pamoja majina ya wateja, alichonunua kila mmoja na anachokitazama kwenye tovuti, kisha inatusaidia kuwatumia SMS, WhatsApp na barua pepe kwa makundi. Aliyenunua kisutu kwa harusi ya binti yake, kwa mfano, mwaka ukikaribia kwisha namtumia picha za leso za arubaini, maana mara nyingi mjukuu huwa njiani. Kilichonivutia ni kwamba hakukuwa na bei kubwa ya kuanzia. Unalipa kwa kadiri unavyotumia. Tulianza kwa dola 60 hivi kwa mwezi, na kaka akasema hiyo tunaimudu.

Ramadhani iliyopita nilitangaza punguzo la Idd kwa kila atakayejaza fomu kwenye tovuti. Watu walijaza kutoka Kilifi, Lamu, Unguja, Dubai mpaka Toronto. Wakati huohuo kijana anayetutengenezea kompyuta akaingiza kwenye programu namba zote alizozikuta: za daftari la mama, za simu ya duka, na za watu waliowahi kutulipa kwa M-Pesa. Usiku wa kuandama mwezi nikatuma SMS hii kwa wote: "Idd Mubarak. Leso mpya za Idd zimeingia. Pea kuanzia 700. Mama anawasalimu. Karibu dukani Biashara Street au jibu ujumbe huu tukuwekee. STOP *456*9*5#". Baada ya Idd Mubarak niliweka kile kipicha cha mwezi.

Bili ya mwezi huo ilikuja dola 412. Nikajipa moyo kwamba ni msimu, itashuka. Mwezi uliofuata ikawa 290, na imebaki papo hapo tangu hapo ingawa sikufanya tangazo jingine kubwa. Kwenye bili kuna mistari mitatu: profaili, matukio, na ujumbe. Ujumbe naujua. Profaili nadhani ni wateja. Matukio sijui ni nini, na ndiyo yanayopanda.

Ijumaa moja baada ya chakula kaka alilitoa jambo hili hadharani, mbele ya mama na mawifi. Alisema, "Kila mwezi tunamlipa mtu tusiyemjua, kwa dola, na yeye mwenyewe hajui mwezi ujao atatudai ngapi." Niliona haya. Nikamjibu kwamba mauzo ya Idd yalikuwa mazuri kuliko mwaka uliotangulia. Akasema Idd watu wangenunua tu, hata bila mwezi wako wa kwenye simu.

Sasa muuzaji wa kampuni hiyo amenipa njia nyingine. Tutie saini mkataba wa mwaka, tulipe dola 2,400 kwa mpigo, na bei ya kila kipimo itashuka. Kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi 300,000. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kaka amesema hana neno, ila nitie saini kwa jina langu, na ikizidi itakatwa kwenye fungu langu la faida. Kijana wa kompyuta naye ana shauri lake: tufute nusu ya majina na bili itashuka yenyewe. Mama alikuwa kimya siku zote hizo, lakini aliposikia hilo alisema, "Wale ni watu wangu. Usinifutie watu wangu." Hapo ndipo nilipokwama.

Nikitia saini, nabeba mzigo peke yangu. Nikiiacha programu, kaka ameshinda na kazi yangu yote imekwenda na maji. Nikifuta majina, nimemuumiza mama. Nifanye nini, Bi Mshauri? Na kaka nizungumze naye vipi?

Mtoto wa Duka,
Mji wa Kale, Mombasa


Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Umeniuliza kuhusu bili, lakini ndani yake mna watu watatu wanaolipenda duka moja, na kila mmoja anaogopa kitu chake. Kaka anaogopa deni asilolijua kima chake. Mama anaogopa kupoteza watu. Wewe unaogopa kuonekana mtoto aliyeingiza duka hasarani. Umejiwekea milango mitatu: saini, kuacha, ama kufuta. Sitakuchagulia mmoja. Nataka kwanza tuifungue hiyo bili pamoja, kwa sababu naona mnagombana juu ya kitu ambacho hakuna kati yenu aliyekitazama kwa karibu.

Kulipa kwa kadiri ya matumizi si hila. Mtindo huu ulienea tangu Amazon ilipoanza mwaka 2006 kukodisha hifadhi na kompyuta zake kwa malipo ya kilichotumika. Kampuni nyingi za programu nazo zimekodi mitambo kwa njia hiyohiyo, na zinalipia kila SMS kwa makampuni ya simu, kwa hiyo gharama yao hupanda mteja akitumia zaidi. Kwa duka dogo una faida yake: uliingia kwa dola 60 bila kuuza dhahabu ya mtu. Lakini tazama tofauti na tokeni za stima hapo nyumbani. Tokeni unanunua kwanza, na zikiisha taa zinazimika, basi unajua umefika mwisho. Programu yako haizimiki. Inaendelea kuhesabu usiku na mchana na hesabu inaletwa baadaye. Kaka yako alipolalamika kwamba hata mwenye kudai hajui atadai ngapi, alikuwa amekigusa kiini chenyewe. Nakuomba ulifikirie hilo kabla ya kudhani kwamba anaichukia kompyuta.

Tuanze na ujumbe, mstari unaosema unaujua. SMS moja ya herufi za kawaida hubeba herufi 160. Ujumbe wako, pamoja na ule mkia wa kujitoa, haufiki 160, kwa hiyo ulipaswa kuwa SMS moja kwa kila mtu. Lakini ukiweka kipicha kimoja, ama neno moja la herufi za Kiarabu, ujumbe wote hubadilishwa mfumo wa uandishi na nafasi inashuka hadi herufi 70. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 67, na kila kipande kinatozwa kama SMS kamili. Nimekuhesabia: kwa kile kimwezi, salamu yako ya Idd ilikwenda kwa vipande vitatu. Kila mtu uliyemtumia alilipiwa mara tatu. Hukukosea kumtakia mtu Idd njema kwa mapambo, na kampuni yako huenda imeyaandika haya kwenye ukurasa wa maelezo ambao watu hawaufungui. Ila ni jambo la kumwonyesha kaka, kwa sababu sehemu ya zile dola 412 ilitokana na picha, na picha inaondoleka.

Kwa WhatsApp hesabu ni nyingine. Tangu Julai 2025 Meta, kampuni yenye WhatsApp, hutoza biashara zinazotumia mfumo wake mkubwa, si ile aplikesheni ya bure, kwa kila ujumbe wa tangazo unaofika. Mteja akianza yeye kukuandikia, majibu yako ndani ya saa 24 hayatozwi na Meta, ingawa programu ya katikati inaweza kuongeza lake. Kwa hiyo tangazo linalomfanya mteja aulize "iko rangi ya zambarau?" linakufungulia mazungumzo mnayoweza kuyamaliza bila gharama hiyo. Nadhani mama yako angekuwa hodari sana hapo.

Sasa profaili. Umeandika kwamba unadhani ni wateja, na dhana hiyo ndiyo ningependa uishike taratibu na kuigeuzageuza. Profaili ni rekodi, na mtu mmoja anaweza kuwa na rekodi kadhaa. Daftari la mama lina namba zinazoanza na 07. Fomu ya tovuti, mtu akiwa Dubai, ataandika +254. Orodha ya M-Pesa huenda ikaleta 254 bila alama ya kujumlisha. Ikiwa programu haikuelekezwa kuzisawazisha, mama mmoja wa Kibokoni amekuwa wateja watatu, na wa nne ni barua pepe aliyoijazia fomu. Mwambie kijana wako akutolee orodha yote, muipange kwa tarakimu tisa za mwisho za kila namba, halafu mtazame ni ngapi zinazojirudia. Ni kazi ya mchana mmoja, na haifuti mtu hata mmoja.

Kuna pia waliojaza fomu kwa ajili ya punguzo na hawakununua kitu. Na wapo waliokwisha kusema wasitumiwe tena. Uliza kampuni yako inawahesabuje. Kampuni hazifanani katika hili: Mailchimp, kwa mfano, huwahesabu hata waliojitoa mpaka uwahamishe wewe mwenyewe kwenye kumbukumbu, na HubSpot humwacha mteja wake achague ni nani wa kutumiwa matangazo, na hao tu ndio wanaoingia kwenye hesabu hiyo. Yako iko upande gani? Sijaona mkataba wenu, kwa hiyo mwombe muuzaji akujibu kwa maandishi. Muulize pia wanahesabu siku gani: idadi ya juu kabisa iliyofikiwa mwezi huo, wastani, ama waliopo siku ya mwisho? Na mkishuka idadi, je, bei hushuka yenyewe, ama kifurushi hupanda peke yake lakini kushuka mpaka uombe? Huenda hapo ndipo ilipo sababu ya bili yenu kukataa kurudi chini baada ya Idd.

Matukio, mwanangu, ni kila kitu mtu anachokifanya ambacho programu inakiandika. Kufungua ukurasa ni tukio. Kutazama leso moja ni tukio. Kuiweka kikapuni, kuitoa, kufungua barua pepe, kubofya picha, yote ni matukio. Bibi mmoja aliyekaa Toronto akitafuta leso yenye jina litakalomfaa shoga yake anaweza kuacha matukio mengi sana kwa kikao kimoja na asinunue. Wakati mwingine fundi huiwekea tovuti mpangilio wa kurekodi kila kitu kwa sababu ndio rahisi, na kwa bei ya kila tukio mpangilio huo ni ghali. Kuna na roboti zinazozunguka kwenye mtandao zikisoma kurasa: zisipochujwa, nazo zinaweza kuhesabiwa. Na Safari, kivinjari cha iPhone, tangu mwaka 2019 huvifuta vidakuzi, yaani vijifaili vya kumtambua mgeni, vinavyowekwa na skripti za tovuti ikiwa mtu hajarudi ndani ya siku 7. Mteja wako wa Uarabuni anayechungulia kila akipata mshahara anaweza kuonekana mgeni mpya kila mwezi, na baadhi ya kampuni humhesabu mgeni asiye na jina sawa na mteja anayejulikana.

Kwa hiyo kaa na kijana wa kompyuta mjiulize swali moja kwa kila tukio: tuliwahi kulitumia kuamua jambo lolote? Kama hujawahi kutuma ujumbe kwa sababu mtu amesogeza ukurasa hadi chini, kwa nini mlipie kulijua hilo? Mimi nahisi mtabaki na machache: ameangalia bidhaa, ameweka kikapuni, amenunua. Lakini ninyi ndio mnaolijua duka lenu.

Umeona kwa nini sikutaka kuanza na saini? Tuutazame mkataba sasa. Dola 2,400 kwa mwaka ni dola 200 kwa mwezi, na leo unalipa 290, kwa hiyo kwa haraka ni nafuu. Pia ukilipa kwa mpigo, dola ikipanda katikati ya mwaka haitakugusa kwa kiasi hicho, na si jambo dogo hilo: Januari 2024 dola ilipita shilingi 160, kisha miezi michache baadaye ikashuka hadi karibu 130. Dola 200 hizohizo zingekuwa shilingi 32,000 mwezi mmoja na 26,000 mwezi mwingine, na mwenye kushika hesabu ndiye anayepambana na tofauti hiyo. Huo ni wema wa mkataba.

Hatari zake ni hizi. Kwanza, hujui bado matumizi yenu halisi ni yapi. Mkisafisha namba zilizojirudia na kupunguza matukio, bili inaweza kuteremka chini ya 200, na mtakuwa mmelipia mwaka mzima hewa ambayo kwa mikataba mingi ya namna hii haisogezwi mwaka unaofuata. Pili, mkataba wa kiasi fulani si kikomo. Mkizidi kiasi mlichonunua kuna malipo ya ziada, na bei ya hiyo ziada ndiyo ya kuisoma kabla ya kitu kingine chochote. Ramadhani ijayo inaweza kuwamalizia kiasi chenu mapema na bili za mshangao zikarudi, safari hii juu ya pesa mlizokwisha kulipa. Tatu, shilingi 300,000 zikitoka leo, ni mzigo gani wa leso hautaagizwa? Kaka ndiye mwenye jibu hilo.

Kuhusu mwisho wa mwezi, wauzaji wengi wana malengo ya kutimiza mwishoni mwa mwezi ama robo ya mwaka, na tarehe huwekwa ikifuata kalenda yao. Inawezekana kweli bei hiyo ikaondoka. Inawezekana pia ukimwandikia kwamba mnataka siku 30 za kusafisha data kabla ya kuamua kiasi cha kununua, akakuongezea muda, kwa sababu anakutaka ubaki. Unaweza kumwomba na vitu vingine: onyo matumizi yakifika asilimia fulani, kikomo kigumu ambacho mkifika ujumbe unasimama, ama mkataba wa miezi mitatu. Akikataa yote, hilo nalo litakuwa limekueleza kitu juu ya mtu unayetaka kufungana naye mwaka mzima.

Kuiacha programu kabisa nako si aibu, na naomba usikuite kushindwa na kaka. Aplikesheni ya bure ya WhatsApp Business ina orodha ya kutuma kwa watu hadi 256 kwa mpigo, ila ujumbe unamfikia tu aliyeihifadhi namba yenu kwenye simu yake. Kuna kampuni za hapa nchini za kutuma SMS kwa wingi mnazolipa kwa shilingi, kabla ya kutuma. Kuna programu huria kama Mautic isiyo na ada ya leseni, lakini itahitaji seva na mtu wa kuiangalia, na mtu huyo naye anakula. Mtakachokosa ni kumbukumbu: nani alinunua kisutu lini. Kabla ya kufunga akaunti yoyote, jaribu kuitoa historia hiyo yote uone inatokaje. Majina hutoka kirahisi. Historia ya manunuzi wakati mwingine hutoka vipandevipande.

Sasa mama. Nimelisoma neno lake mara nyingi: usinifutie watu wangu. Sidhani kwamba mama anazungumzia programu. Na nadhani wewe umeliona hilo, ndiyo maana lilikukwamisha. Kumwondoa mtu kwenye orodha inayotozwa si lazima kuwe kumfuta kwenye duka. Pakueni orodha yote, muihifadhi kwenye faili lenu wenyewe na nakala nyingine pahali salama, kisha ndani ya programu mbakishe wale mnaowaandikia kweli. Keti na mama mpitie majina ya daftari pamoja. Atakuambia huyu amehamia Malindi, huyu amefariki, huyu hapendi simu lakini huja kila Maulidi. Hakuna programu yenye habari hizo. Lakini uwe mwangalifu na jambo moja: waliosema wasitumiwe ujumbe, msiipoteze orodha yao. Mkiwafuta kabisa na siku moja kijana akaingiza tena lile daftari, mtawaandikia watu waliokwisha kuwaomba mwaache.

Na kuna kundi ambalo mimi ningelitazama kwa wasiwasi zaidi kuliko bili. Wale waliolipa kwa M-Pesa walitoa namba ili walipe, hawakuomba matangazo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinazuia kutumia data ya mtu kwa biashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa pale sheria iliyoandikwa inaporuhusu na mwenyewe akaarifiwa. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data haitishi kwa maneno tu: mwaka 2023 ilikitoza kilabu kimoja cha Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Sikuambii haya kukuogofya, mwanangu. Nakuambia kwa sababu kaka anataka mkataba uwe kwa jina lako, na atakayeulizwa juu ya orodha hiyo anaweza kuwa mwenye jina. Hata daftari la mama linahitaji idhini, ingawa huko njia ni nyepesi: mama mwenyewe awaulize wanapokuja dukani, na wewe uandike tarehe.

Kaka anasema Idd watu wangenunua tu. Huenda ana kweli kiasi fulani, na wewe una kweli kiasi fulani, na kwa sasa hamna njia ya kujua. Mnaweza kuitafuta. Kwa tangazo lijalo, chagueni kwa bahati tu mtu mmoja katika kila kumi, msiwatumie ujumbe, kisha mlinganishe kundi hilo na waliotumiwa: wangapi walinunua, kwa shilingi ngapi. Wachaguliwe bila kuangalia sura, kwa sababu ukiwaacha nje wale wasionunua kamwe, utakuwa umejitungia jibu. Mkae tayari nyote wawili kulipokea litakavyokuja. Unaweza kugundua kwamba SMS za Idd haziongezi kitu lakini zile za baada ya harusi zinalipa vizuri, na hapo mazungumzo yote yatabadilika.

Umeniuliza uzungumze naye vipi. Si Ijumaa baada ya chakula mbele ya mawifi. Naye alikosea kulitoa hapo, na una haki ya kumwambia kwamba lilikuuma, mkiwa wawili tu. Mwendee dukani jioni baada ya kufunga, ukiwa na bili tatu zilizochapishwa na kalamu, umwonyeshe mstari kwa mstari nini kilihesabiwa. Anza kwa kumkubalia lile lililo la kweli: kwamba bili isiyo na mwisho ni mzigo mbaya kwa anayeshika hesabu. Mwulize ni kiasi gani kwa mwezi, kwa shilingi, ambacho akikiona hatakosa usingizi. Huenda akataja kiasi kinachokushangaza, juu ama chini. Ukishakijua, unaweza kwenda kwa muuzaji ukiwa na namba ya duka, badala ya kumrudia kaka ukiwa na namba ya muuzaji.

Kuhusu jina lako kwenye karatasi, nakuomba usikubali wala kukataa kwa hasira. Anayetia saini anabeba deni likizidi, anabeba maswali ya sheria, na siku mkigawana duka anabaki na akaunti yenye wateja wa nyanya. Pengine kaka hajaona kwamba masharti yake yanakupa mzigo na pia yanakupa kitu ambacho ni cha familia nzima. Lijadiliwe na mama akiwepo, na muulize kaka kwa upole: hasara ikiwa ni yangu peke yangu, faida itaandikwa kwa jina la nani? Mpe muda wa kujibu. Na wewe, kabla hajajibu, jiulize kama unataka kweli jibu liwe "yako".